Mwalimu wa Maharusi Atafuta Mashahidi Wawili

Kule Mau Narok baridi ni ya kunyoa. Asubuhi ya Julai ukimwita mtu aliye ng'ambo ya shamba la ngano, maneno huganda njiani, na mpaka jua litoke saa nne ndipo yeye anasikia ameitwa. Lakini sauti ya Tabby Wanjugu haijawahi kuganda. Hutoka pale kanisani kila Jumamosi, ikapita juu ya mikaratusi, ikateremka bonde kwa bonde hadi Njoro, na kuna wanaume Njoro waliojirekebisha kabisa bila kujua ni nani aliyewagombeza.

Kazi yake ilikuwa viazi siku tano na maharusi siku moja. Viazi alilima na mumewe, Naftaly Gathogo, mzee mpole mwenye pikapu ya buluu na haraka ya konokono. Maharusi aliwafundisha mwenyewe. Hakuna msichana wa kanisa lile, awe Mkikuyu awe Mkalenjin, aliyevikwa shela kabla ya kuketi chini juu ya leso, miguu imenyooshwa, macho chini, mdomo umefungwa, Wanjugu akasema mpaka akamaliza. Bibi arusi hajibu. Hiyo ndiyo sheria. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Yeye husema amefundisha wasichana mia nne. Wenye wivu husema ni mia tatu tisini na sita, kwamba wanne walikimbia kabla ya chai.

Somo lake la kwanza kila mtu alilijua kwa moyo. "Mapenzi ni moto," alikuwa akisema, "na cheti ni jiko. Moto bila jiko utakuchomea nyumba. Usiingie kwa mwanaume mpaka karatasi itangulie."

Na Wanjugu mwenyewe hakuwa na karatasi.

Usimcheke bado. Miaka arobaini na moja iliyopita, Naftaly alimfuata kwenye shamba la mzungu walikofanya kazi wazazi wake, akamkuta anapepeta maharagwe, akamwambia, "Njoo tukae kwanza, mengine yatafuata." Kweli yakafuata. Waithera alifuata, wengine wanne wakafuata, ng'ombe akafuata, pikapu ikafuata. Arusi tu ndiyo iliyopotea njia. Lakini mwaka ule wa kwanza walipita Nakuru kwenye studio ya picha. Mpiga picha alikuwa na gauni moja jeupe la kuazimisha, kubwa la kuvika hata tangi la maji, akambana nalo Wanjugu mgongoni kwa vibanio vya nguo kumi na viwili. Naftaly akapewa koti na ua la plastiki. Picha ikatoka safi kabisa.

Walipohamia Mau Narok picha ikatangulia ukutani. Wageni waliingia, wakaitazama, wakasema, "Kumbe mlipendeza hivi!" Wanjugu akajibu, "Tulijaribu." Hakudanganya mtu hata siku moja. Picha ndiyo iliyodanganya, yeye aliipangusa vumbi tu.

Basi mwaka huu akaja Pasta Kibii, kijana wa miaka thelathini na mbili, mwenye miwani na mafaili ya rangi. Jumapili ya kwanza ya Juni, akisha kutangaza mazishi mawili na ng'ombe aliyepotea, akasema:

"Mama zetu wanaofundisha maharusi, nawaheshimu sana. Lakini sasa tutakwenda kwa utaratibu. Kila mwalimu wa ndoa aniletee cheti chake cha ndoa nikitie kwenye faili. Mwisho ni Jumapili ya pili ya Julai. Asiye nacho atapumzika, atapisha wengine."

Walimu walikuwa watatu. Jepkemei, jirani ya Wanjugu, akapiga makofi kwa sababu cheti chake kilikuwa kwenye sanduku, kimefungwa kwa nailoni mbili. Wanjugu naye akapiga makofi, tena kuliko wote. Mwenye kaa la moto mfukoni hupiga makofi ili watu wamtazame mikono.

Walipofika nyumbani akafunga mlango.

"Baba Waithera, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie kiliungua."

"Kiliungua lini?"

"Tutachagua siku."

"Na picha ikabaki ukutani bila hata moshi? Wewe huna akili ya uongo, uniachie mimi." Akaketi, akasimama, akaketi tena. "Sikia. Mimi sipumziki. Kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita sinyang'anywi na karatasi. Kama ni karatasi anataka, tunaenda Nakuru tuoane."

"Tuoane na nani?"

"Na wewe! Kwani kuna mwingine amejitokeza?"

Naftaly akafikiri, akakubali kwamba hakuna.

Jumanne ya wiki ile walikuwa Nakuru, ofisi ya msajili wa ndoa. Msajili alikuwa mama kijana wa umri wa Waithera, mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Aliwaeleza taratibu: watajaza fomu, tangazo la ndoa yao litabandikwa ubaoni siku ishirini na moja, kisha waje na vitambulisho na mashahidi wawili wanaowajua, nao wawe na vitambulisho. Akatazama kitabu chake. Nafasi iliyokuwepo ni Alhamisi ya wiki ya pili ya Julai, saa tano. Ikiwapita hiyo, hakuna nyingine hadi mwisho wa mwezi.

Wanjugu hakusoma, lakini siku alizijua kuhesabu kama vifaranga. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili ya Pasta. Alhamisi ilikuwa hiyo moja tu.

Kwa siku ishirini na moja jina lake likaning'inia ubaoni Nakuru, naye usiku na mchana akiomba kila mtu wa Mau Narok anayekwenda mjini asahau miwani.

Sasa tatizo likabaki mashahidi. Mashahidi wawili ni kitu kidogo kwa mtu asiye na siri. Kwa Wanjugu ilikuwa kama kutafuta samaki wawili wasiojua maji. Jioni waliketi jikoni wakichambua majina jinsi wanavyochambua viazi vya mbegu.

"Ndugu yangu mkubwa," akasema Naftaly.

"Huyo ukimwambia leo, kesho kuna kamati. Ataweka mwenyekiti, ataweka mweka hazina, ataitisha mchango wa mbuzi wa mahari waliokosekana tangu uhuru. Pita."

"Waithera."

"Waithera anafundisha shule Naivasha, kila mwalimu mwenzake ameonyeshwa ile picha kwenye simu. Nikamwambie mtoto wangu yeye amezaliwa na studio? Pita."

"Kipketer wa trekta. Yule hasemi na mtu."

"Hasemi kwa sababu hasikii. Ukimnong'oneza atakuuliza 'Ati nini?' mara tatu, na mara ya nne utakuwa unapiga kelele sokoni."

"Jepkemei?"

Wanjugu akaweka kikombe chini. Jepkemei alikuwa na moyo wa asali, ila mdomo wake haukuwa na ua wala lango. Siri ukimpa asubuhi akiwa anakamua, kabla maziwa hayajapoa imefika kwa chifu, imekunywa chai, inauliza njia ya Narok.

"Hapana," akasema. "Tunaenda bila mtu. Nje ya zile ofisi kuna watu wamesimama tu. Mtu amesimama, ana kitambulisho, ana macho. Shahidi ni nini kama si macho?"

"Msajili alisema wawe wanatujua."

"Wakitutazama vizuri watatujua."

Alhamisi ikafika na umande wake. Wanjugu akavaa gauni la kijani, kitambaa kichwani, viatu vya Jumapili. Jepkemei akamwona akipanda pikapu, akauliza kutoka kwenye ua, "Mama Waithera, mbona umetoka kama bibi arusi?" Wanjugu akajibu, "Nakwenda kung'olewa jino." Naftaly akakaba usukani asicheke.

Nje ya lango la ofisi walimkuta Naliaka, mama mnene mchangamfu anayeuza mayai ya kuchemsha, na kando yake fundi wa viatu mwenye kofia ya sufu. Wanjugu akanunua yai, akala, akanunua la pili, akasema shida yake waziwazi, maana kwa mtu usiyemjua aibu haina mzizi.

"Mathe, hiyo ni kitu kidogo," akasema Naliaka akifuta mikono. "Mimi napenda arusi. Fundi, amka!"

"Boss, viatu vyako kwanza," fundi akamwambia Naftaly. "Bwana arusi hawezi kuingia na matope ya shamba." Akamng'arishia mpaka Naftaly akajiona uso kwenye vidole vya miguu, na akashtuka jinsi alivyozeeka.

Saa tano wakaitwa. Msajili akavitazama vitambulisho vinne, akatazama sura nne, akachomoa kalamu moja kichwani.

"Wewe bwana, unamjua bwana arusi?"

"Vizuri sana," akasema fundi.

"Anaitwa nani?"

"Boss."

"Boss nani?"

"Boss tu. Pale nje wote ni boss."

Msajili akamgeukia Naliaka. "Na wewe mama, umemjua bibi arusi tangu lini?"

Naliaka alikuwa mtu wa kweli. Akahesabu kwa vidole. "Tangu yai la kwanza," akasema.

Msajili akafunika uso kwa faili, mabega yakamtikisika. Alipofunua alikuwa amejikaza.

"Mama, mzee, siwezi. Hawa si mashahidi, hawa ni wapita njia. Nawashikilia nafasi yenu mpaka saa nane. Mkipata watu wawili wanaowajua kwa kweli, mtarudi. Msipopata, ni mwisho wa mwezi."

Wakatoka nje. Fundi akaomba msamaha kana kwamba amevunja kikombe. Naliaka akampa Wanjugu yai la tatu, la pole. Kutoka Nakuru hadi Mau Narok na kurudi, kwa pikapu ya Naftaly, saa nane ingewakuta wangali wanapanda mlima.

"Tumpigie Jepkemei aje na mumewe," akasema Naftaly.

"Hata wakiruka kama tai hawafiki. Nyamaza nifikiri."

Akaketi kwenye benchi ndefu ya wanaosubiri. Pembeni yake kulikuwa na msichana mwenye gauni jeupe fupi, na ua kichwani, anatetemeka mpaka benchi nzima inalia. Wanjugu alikuwa na mambo yake, mazito ya kutosha. Lakini mwonyeshe mbwa wa kuchunga kondoo anayetangatanga, uone kama atabaki amelala.

"Wewe msichana, unatetemekea nini? Kijana ni mbaya?"

"Si mbaya, shosho," akasema, kama anayemjibu nyanya yake. "Ameenda kutoa kopi ya kitambulisho. Ni mimi naogopa tu. Watu wanasema tungekaa kwanza, haya ya ofisi yangekuja baadaye."

"Wasikudanganye!" Sauti ikatoka, ile ile ya Jumamosi, hata askari wa lango akavua kofia. "Mapenzi ni moto, mtoto, na cheti ni jiko. Moto bila jiko..."

"...utakuchomea nyumba," akamalizia msichana. Kutetemeka kukakoma. "Shosho, hayo maneno ni ya sista yangu! Cheruto hunisomea hayo kila siku. Alifundishwa na mama mmoja mkali wa Mau Narok."

"Cheruto gani? Yule mwenye pengo mbele, aliyecheka akiwa kwenye leso nikamrudisha mwanzo?"

Msichana akasimama. "Wewe ndiye yule mama! Mimi ni mdogo wake. Cheruto ndiye shahidi wangu, yeye na mumewe Jerry, wako njiani wanakuja kutoka Naivasha. Jerry anafanya kazi Olkaria kwenye umeme wa mvuke, ameomba ruhusa. Ai, Mungu ni mkubwa! Na wewe shosho umemleta nani? Umeleta mjukuu aolewe?"

Hapo sasa. Mia nne aliowafundisha, Mungu akamtupia mdogo wa mmoja wao miguuni, na huyo mdogo alikuwa na masikio. Akisema ndiyo, nimeleta mjukuu, siri itabaki nzima na Alhamisi itaondoka. Akisema kweli, kufikia jioni mwanafunzi wake atajua kwamba mwalimu alikuwa akiota moto miaka arobaini bila jiko. Wanjugu akamtazama Naftaly, aliyesimama na viatu vyake vinavyong'aa, ameshika bahasha ya vitambulisho kwa mikono miwili kama mtoto wa komunio.

"Sikuleta mtu," akasema. "Nimejileta. Huyo mzee ndiye bwana arusi."

Msichana akatazama mzee, akatazama gauni la kijani, akaenda kumsubiri dada yake langoni.

Cheruto alipofika na Jerry, mdogo wake alimvuta kando, akamnong'oneza. Kicheko kilichotoka kwa Cheruto kiliwaamsha bundi wa Nakuru yote. Akaja mbio, akamkumbatia Wanjugu mpaka kitambaa kikaanguka.

"Mwalimu! Yaani ile siku unanirudisha mwanzo, ulikuwa huna?"

"Nilikuwa najua jiko lilivyo muhimu kwa sababu nilipika kwa mawe," akajibu Wanjugu bila kupepesa. "Utaniwekea sahihi ama hutaniwekea?"

"Nitaweka hata mbili. Lakini ngoja kwanza." Cheruto akafungua mkoba, akatoa leso, ile ile aliyomletea mdogo wake, akaitandika kwenye nyasi kando ya ukuta. "Hakuna bibi arusi anayeingia bila kufundishwa. Ni sheria yako. Keti."

"Wewe mtoto, nina miaka sitini na moja!"

"Kinyozi hajinyoi, Mama. Leo hicho kichwa nipe mimi. Keti, nyoosha miguu, macho chini."

"Lakini mimi..."

"Bibi arusi hajibu."

Nakuambia, Wanjugu akaketi. Miguu akainyoosha, viatu vya Jumapili vikatazama mbinguni, na akanyamaza. Naftaly alisogea karibu kuliona jambo hilo, maana katika miaka arobaini na moja hakuwa amepata bahati hiyo hata mkewe akiwa amelala. Naliaka akaleta ndoo yake ya mayai akaketi. Fundi akaacha kiatu cha mtu nusu.

Cheruto akafundisha. Akasema ukigombana na mume, gombana ukiwa umeshiba. Akasema mgeni wako wa kwanza asubuhi ni mumeo, msalimie kabla hujamsalimia ng'ombe. Akasema jambo likitaka kukuaibisha, litoe nje wewe mwenyewe likiwa bado dogo, kwa maana likitolewa na jirani litakuwa limenenepa. Yote yalikuwa maneno ya Wanjugu, na Wanjugu aliyasikia kwa mara ya kwanza akiwa chini. Kutoka pale chini yalikuwa marefu kidogo.

"Nimesahau kitu?" Cheruto akauliza.

Wanjugu akakumbuka sheria, hakujibu. Akainua kidole kimoja.

"Ah, kweli! Akiuguza mama yake, usimwulize atarudi lini. Sasa simama."

Wakamsimamisha watu watatu.

Mdogo wa Cheruto akaolewa kwanza, na kijana wake akatetemeka badala yake. Kisha ikaitwa ile ya saa tano iliyoshikiliwa. Msajili akawauliza mashahidi wapya kama wanawajua hawa.

"Huyu mama," akasema Cheruto, "ndiye sababu sikumwacha huyu Jerry mwaka wa pili."

"Na huyu mzee," akasema Jerry, "alinishika mkono siku ya arusi yangu, akaniambia nikikasirika niende nikahesabu mabomba. Olkaria kuna mabomba mengi. Nimeyahesabu yote."

"Hao ndio mashahidi," akasema msajili.

Wakaapa. Naftaly alisema "Nakubali" kabla hajaulizwa, wakarudia. Wanjugu akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza kwa nguvu hata msajili akamwambia inatosha, mama, karatasi itatoboka.

Wako kwenye pikapu, wamevuka Njoro, cheti kiko mapajani mwake. Wanjugu akakipapasa.

"Kisome, Baba Waithera. Simamisha gari usome yote."

Naftaly akasimamisha, akavaa miwani, akasoma majina yao. Akasoma kwamba yeye hakuwa ameoa na mkewe hakuwa ameolewa. Akasoma Cheruto, akasoma Jerry. Kisha akasogeza karatasi karibu na macho.

"Endelea."

"Mama Waithera, hapa kuna tarehe."

"Tarehe gani?"

"Ya leo."

Lori la ngano likapita, likatikisa pikapu, likaenda zake. Mwezi mzima walikuwa wamekimbia mashahidi, na karatasi yenyewe ilikuwa shahidi wa tatu, mwenye kumbukumbu kuliko wote. Pasta ataifungua faili, ataona Julai ya mwaka huu, na hakuna picha ya ukutani itakayomjibu.

Naftaly akasema polepole kwamba labda wino ukimwagikiwa chai pale pembeni...

"Usithubutu!" Wanjugu akakishika cheti kifuani. "Miaka arobaini na moja nimekingoja, wewe unataka kukinywesha chai?" Akatazama mbele, mlimani, kulikokuwa na wingu. "Washa gari. Ukifika kwa Jepkemei, usipite."

"Kwa Jepkemei? Yule yule?"

"Yule yule. Jambo langu nalitoa mwenyewe, na ninalitoa kwa mdomo mkubwa kuliko yote."

Jepkemei alikuwa anakamua. Wanjugu akamwonyesha cheti, akamweleza studio, gauni na vibanio kumi na viwili, mayai, leso, kila kitu. Jepkemei alilia, akacheka, akapiga teke ndoo ya maziwa. "Na jino?" akauliza. "Jino lilipona," Wanjugu akamjibu. Kabla pikapu haijafika kwao, simu ya Naftaly ilikuwa imelia mara nne. Ya tano ilikuwa Waithera, kutoka Naivasha. Wanjugu akaipokea, akasikiliza, akasema, "Ndiyo, mama yako ni bibi arusi. Lete zawadi."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu walikuja kutoka mashamba ambayo hayana hata barabara. Pasta Kibii akaita walimu wa ndoa. Jepkemei akatoa chake kwenye nailoni. Wa pili akatoa chake. Wanjugu akapita katikati, taratibu, kama anayesindikizwa na bendi, akaweka chake mezani.

Pasta akakisoma. Akakisoma tena.

"Mama, hii tarehe ni ya Alhamisi."

"Ni kweli."

"Alhamisi hii iliyopita?"

"Pasta, uliomba cheti. Hukuomba cheti kikuukuu."

Kanisa likalipuka. Pasta akavua miwani, akaifuta, akangoja watulie. Hakuwa mjinga yule kijana.

"Sawa, Mama. Umeleta, na nimepokea. Lakini kuna andiko la zamani, la sheria. Linasema mtu akioa mke mpya asitoke kwenda vitani wala asibebeshwe kazi yoyote. Akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Ninyi ni maharusi wapya. Basi nami nawapa mwaka mmoja wa kupumzika."

Jepkemei akashika kichwa. Mwaka mmoja kwa mama wa sitini na moja si mapumziko, ni kuagwa. Kila mtu alielewa hivyo, na Wanjugu akaelewa kabla yao.

"Pasta," akasema, "nisomee hilo andiko tena, polepole. Macho yangu hayakwenda shule, lakini masikio yalikwenda."

Pasta akafungua, akasoma neno kwa neno.

"Linasema nani asibebeshwe kazi?"

"Yule aliyeoa."

"Na aliyeolewa?"

Pasta akapitisha kidole kwenye mstari, akarudi, akapita tena. "Aliyeolewa... afurahishwe."

"Basi iwe kama ilivyoandikwa. Naftaly akae nyumbani, anifurahishe. Na mimi duniani hakuna kinachonifurahisha kama kufundisha maharusi."

"Amina!" akapaza Naftaly kutoka benchi ya nyuma, na ile ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote kusikia sauti yake kanisani. Pasta akamtazama, akatazama karatasi, akacheka akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akafungua faili ya kijani, akatia cheti ndani.

Hasara ilikuja Jumatatu. Saa kumi na mbili Wanjugu alimwamsha mumewe waende kuchimba viazi, naye akavuta blanketi hadi kidevuni, akasema, "Andiko, mama." Jumanne akasema andiko. Jumatano Wanjugu akakodi vijana wawili wa kuchimba, akalaani siku aliyoomba asomewe mara ya pili.

Lakini Jumamosi alikuwa kanisani, wasichana watatu mbele yake kwenye leso, na Naftaly, kwa kuwa ameamriwa kufurahisha, anapuliza jiko la chai huko nyuma na kukohoa moshi. Wanjugu alikuwa ameanza na moto na jiko alipoona mmoja ameinua kichwa.

"Mama, na wewe uliolewa lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita," akasema. "Macho chini. Nyoosha miguu."